Kamba inayolegea ndiyo inayofundisha: jibu kwa mtunza farasi wa Kigamboni

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, natunza farasi watano huku Kigamboni, tunapandisha wageni ufukweni. Miezi miwili iliyopita bosi alileta farasi dume aliyehasiwa, ana miaka mitano, tunamwita Kashata kwa ajili ya rangi yake. Nikimwongoza kwa kamba ananipita na kunisukuma kwa bega, mara mbili amenikanyaga. Nikimwambia asimame, hasimami. Akisikia bodaboda anaruka pembeni. Na akiona tu mtu kashika fimbo, hata mti wa ufagio, anarudi nyuma macho yamemtoka. Wenzangu wanasema farasi bila kiboko hana adabu, nikimbembeleza atanipanda kichwani, na wananikumbusha kuwa asante ya punda ni mateke. Mimi sitaki kumpiga. Je, naweza kumfundisha nikiwa chini, kabla ya kumpanda, bila mjeledi kabisa? Nianzie wapi?”

Marahaba, kijana wangu. Inawezekana kabisa, na kwa Kashata sioni njia nyingine. Kiboko kimeshamfundisha yote kilichoweza kumfundisha. Anaporudi nyuma mbele ya mti wa ufagio, anakuonyesha somo alilolishika barabara: mwenye fimbo hukimbiwa. Aliyemchapa huenda alidhani anamfundisha kusimama.

Lakini usiguse kamba kabla hujamchunguza mwili. Farasi anayesukuma na kukataa kusimama anaweza kuwa anaumwa, na hakuna mafunzo yanayotibu jino. Meno ya farasi huendelea kuota kwa miaka mingi huku yakisagika kwa kula. Yakisagika vibaya, kingo zake huwa kali zikamkata mashavu kwa ndani, na kamba ya kichwani ikikaza inayakandamiza mashavu hayo hayo juu ya kingo hizo. Mpapase mgongo kwa vidole kutoka mabegani hadi kiunoni, pande zote mbili za uti. Akizamisha mgongo, akilaza masikio au akigeuza kichwa kukutazama, hapo pana kitu. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, na masika hii zinuse: harufu ya kuoza katikati ya ukwato ni ugonjwa, usiichukulie kuwa ni uchafu wa banda. Mwombe bosi wako alete daktari wa mifugo. Mwambie gharama hiyo ni ndogo kuliko ya mgeni aliyeangushwa.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Farasi mzima ana kilo 400 hadi 500 hivi, wewe una 60 au 70. Kuvutana naye huwezi kushinda. Isitoshe, asili yake ukimsukuma hukuegemea, ukimvuta hukuvuta. Hilo si ukaidi, ndivyo mwili wake ulivyo mpaka afundishwe vingine. Unapokaza kamba unamuuliza swali. Unapolegeza, unamwambia kuwa amejibu sawa. Anachokumbuka ni kile alichokuwa akikifanya pale kamba ilipolegea, na anakumbuka vizuri zaidi ikiwa umelegeza papo hapo, ndani ya sekunde moja. Ukichelewa hadi sekunde tatu, ameshafanya mambo mengine mawili, na hajui ni lipi limempa nafuu.

Sasa rudi nyuma uitazame miezi yako miwili. Kashata anakusukuma kwa bega. Wewe, kwa kuogopa kukanyagwa, unapiga hatua pembeni. Ukipiga hatua hiyo, yeye anapata nafasi na kamba inalegea. Umemfundisha kusukuma, kila siku, kutoka bandani hadi ufukweni na kurudi, tena kwa ufundi mzuri kwa sababu unalegeza kwa wakati. Sikulaumu. Farasi wengi wanaosukuma wamefundishwa hivyo hivyo na watu wasiojua kuwa wanafundisha. Nakuambia kwa sababu ni habari njema: kama ameweza kujifunza hilo bila kiboko, na lingine ataweza.

Kuhusu kumpiga, acha nikusimulie kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika banda moja hapa hapa Dar, tulitakiwa kumpandisha farasi jike kwenye lori. Alifika kwenye ubao wa kupandia, akasimama, akainamisha kichwa akawa anaunusa. Tulikuwa na haraka, nami nilikuwa na mjeledi mkononi. Nikampiga matakoni. Akaruka akaingia, wote tukafurahi, nikasifiwa. Safari ya pili aligoma akiwa hatua ishirini kutoka kwenye lori. Tulipolazimisha, aliteleza akachunika goti. Ilitugharimu wiki sita za kila siku, bila safari yoyote, mpaka akakubali tena kuweka mguu kwenye ubao. Nilikaa nikafikiri sana juu ya ile siku ya kwanza. Alipokuwa akinusa ubao alikuwa akijaribu. Katika dakika ile ile alipokuwa akijaribu ndipo nilipompiga, kwa hiyo kwake yeye ubao ndio uliompiga. Jike yule sikuwahi kumwomba radhi kwa namna ambayo angeielewa, isipokuwa kwa kutomchapa farasi tena tangu hapo.

Na asikwambie mtu kwamba ngozi ya farasi ni ngumu, hasikii. Mtazame nzi akitua ubavuni kwake: ngozi inatikisika pale pale nzi alipotua. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walilinganisha kwa hadubini ngozi ya matako ya farasi na ya binadamu. Tabaka la juu halikupishana kwa unene kiasi cha maana, wala ncha za neva zinazohisi maumivu humo hazikupishana kwa wingi. Norway, nchi yenye mbio za farasi, imekataza kuwachapa farasi ili wakimbie tangu 1982, na mbio zinaendelea. Hata kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Wenzako wayajue hayo.

Mnyama anayemhisi nzi anakusoma na wewe. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin, Ujerumani, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, wa mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten. Watu waliamini anajua hesabu: ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anagonga ukwato mara saba. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alimchunguza akagundua kuwa Hans hajui hesabu hata kidogo. Alikuwa akimtazama anayeuliza. Hesabu inapofika, muulizaji huinua kichwa kidogo mno bila kujijua, naye Hans huacha kugonga. Pale ambapo muulizaji mwenyewe hakujua jibu, Hans alikosea. Watu wengi waliisikia habari hiyo wakamdharau farasi. Mimi kila nikiikumbuka namheshimu zaidi, maana mwenyewe singeweza kuona kichwa kikiinuka kiasi hicho. Kashata anaona pumzi yako, anaona mabega yako yakipanda bodaboda inapokaribia. Ukitaka kumfundisha bila mjeledi, mwili wako ndio utakaosema, kwa hiyo ujifunze kwanza kuunyamazisha.

Kuna zoezi nataka ulifanye kabla ya kumgusa yeye. Mwite mwenzako mmoja, hata yule anayekucheka. Ashike ncha moja ya kamba, afumbe macho, wewe ushike ncha ya pili. Usiseme neno. Mwongoze mbele, msimamishe, mrudishe nyuma, kwa kukaza taratibu na kulegeza tu. Kisha mbadilishane, wewe ufumbe macho. Utahisi mwenyewe jinsi mtu anayevuta bila kuacha anavyokufanya ukaze shingo na kugoma. Anayelegeza kwa wakati utamfuata kama mnayejuana naye siku nyingi. Mpaka leo, kijana yeyote anayekuja kwangu kujifunza namwanzishia hapo, na wapo niliowaona wakiacha fimbo siku hiyo hiyo.

Vifaa ni vichache. Kamba ya pamba ya mita nne, nene kama kidole gumba. Ya katani iache, ikichomoka mkononi inakuchuna. Usiizungushe mkononi wala kiunoni kamwe. Ikunje mikunjo mirefu uishike katikati, ili akikurupuka ichomoke bila kukuburuta. Vaa kofia ngumu hata ukiwa chini. Na ndala, tafadhali, ziache mlangoni. Umeshakanyagwa mara mbili, mara ya tatu utavunjika vidole. Vaa buti.

Anza na kurudi nyuma, maana ndani yake kumo kusimama. Simama mbele ya bega lake, umbali wa mkono mmoja, pembeni kidogo. Usisimame mbele ya paji lake kabisa, kwa sababu pale karibu na uso pana sehemu asiyoiona, kama ilivyo nyuma ya mkia. Simama wima, shusha pumzi, sema “nyuma” kwa sauti ya kawaida. Subiri kidogo. Asipofanya kitu, ishike kamba karibu na kidevu uielekeze kifuani kwake kwa uzito wa vidole viwili. Bado? Ongeza kidogo, uzito wa mkono. Usipige, usitikise kwa hasira. Shikilia hapo hapo kwa uvumilivu. Atajaribu mambo: atainua kichwa, atakuegemea, atageuka. Yote hayo usiyalegezee. Kisha kitatokea kitu kidogo sana ambacho usipokuwa macho hutakiona: uzito wake utarudi miguu ya nyuma, kifua kitajivuta. Mguu haujainuka bado. Legeza hapo hapo! Shusha mkono, geuza macho pembeni, nyamaza kwa pumzi tatu. Mwache afikiri.

Mara ya pili itakuwa fupi zaidi. Mara ya tano au ya sita atainua mguu. Mpe hatua hiyo moja heshima kana kwamba amekuletea dhahabu, kisha mwondoe mahali hapo mkatembee. Siku ya kwanza usizidishe dakika kumi. Baadaye robo saa inatosha, mara mbili kwa siku. Kila unaporudia, anza na sauti peke yake, umpe nafasi ya kujibu kabla kamba haijakaza. Baada ya siku kadhaa utasema “nyuma” naye atarudi kamba ikiwa inaning’inia. Chagua maneno matatu tu na wenzako wote wayatumie hayo hayo: twende, simama, nyuma. Mmoja akisema “ngoja”, mwingine “tulia”, mwingine “we!”, farasi anabaki na kelele tu.

Baada ya hapo mfundishe kuondoa bega. Hili ndilo litakalookoa vidole vyako. Mnapotembea na ukahisi anakuegemea, usipige tena ile hatua ya pembeni. Inua mkono ulio karibu naye, vidole vielekee katikati ya shingo yake, utembee kumwelekea yeye kama vile unapita mlangoni. Akiondoa bega hata kwa upana wa kiganja, shusha mkono muendelee na safari. Mara chache za kwanza atakuwa mzito kwa sababu anakumbuka kwamba zamani ulikuwa ukimpisha. Usipandishe hasira. Msimamishe, mrudishe hatua moja nyuma, anzeni tena. Ukimpisha mara moja kati ya kumi, atasukuma mara zote kumi akitafuta ile moja.

Kisha mfundishe kuvusha miguu ya nyuma. Simama karibu na bega, tazama paja lake, vuta kichwa chake kidogo kuja kwako, bonyeza ubavu kwa ncha za vidole, pale ambapo kisigino cha mpandaji kitakuja kugusa. Unachosubiri ni mguu wa nyuma wa upande wako upite mbele ya mwenzake. Ukivuka, legeza. Farasi anapokimbia au kusimama kwa miguu ya nyuma, nguvu yake inatoka huko nyuma. Akishajua kuivusha miguu hiyo kwa kuombwa, unaweza kumzuia asikurupuke kwa vidole tu. Fanya kulia na kushoto. Farasi ana jicho kila upande wa kichwa, na kitu alichokizoea kwa jicho la kushoto kikitokea kulia kinaweza kumshtua upya kana kwamba hajawahi kukiona.

Sasa ile fimbo. Umesema hutaki mjeledi, nami nimekubali, lakini hutaishi Kigamboni bila mtu kupita na ufagio, mwavuli au upondo wa ngalawa. Kwa hiyo tuiondolee sumu. Siku ya kwanza laza fimbo mchangani mbali na chombo chake cha chakula, mahali anapoiona na bado anakula. Akiacha kula umeiweka karibu mno. Kila siku isogeze kidogo. Kisha ishike mwenyewe, umpe mgongo, uiburute uende zako, na Kashata akiongozwa nyuma yako kwa kamba legevu. Farasi hukiogopa kitu kinachomjia, ila kinachomkimbia humvuta akifuate. Nimewaona waliokuwa wakitetemeka wakianza kuinusa fimbo kwa nyuma baada ya siku mbili tatu. Ukifika hapo, mguse nayo begani, mguso mwepesi, uiondoe kabla hajasogea. Akisimama, iondoe na umpe karoti.

Ndiyo, karoti. Wenzako watasema unamdekeza, na kuna farasi kweli huharibika kwa chakula cha mkononi, lakini kosa huwa ni la namna ya kutoa. Ikate kwa urefu, usiikate duara, maana duara linaweza kumkwama kooni. Inyooshe mbali na mwili wako, na umpe pale tu kichwa chake kimenyooka mbele. Akikupekua mfukoni, mkono unakaa kimya. Atajua upesi kwamba karoti huja kwa aliyetulia.

Bodaboda itakuwa kazi ndefu, na hapo dawa yako ni umbali. Mtafute dereva mmoja mwelewa anayeegesha karibu na kwenu, mlipe muda wake. Siku za kwanza pikipiki izimwe, isimame. Tembeeni mkiizunguka kwa mbali, pale ambapo Kashata anaiona, anaelekeza masikio, lakini bado anaweza kuitikia “simama” na “nyuma”. Akishindwa kuitikia, mko karibu mno. Ongeza hatua kumi. Siku nyingine dereva aisukume kwa miguu ikienda mbali nanyi, nanyi muifuate. Kisha aiwashe ikiwa imesimama. Kisha aondoke nayo taratibu, nanyi muifuate tena. Ikija kumkabili, iwe ya mwisho kabisa, na ianzie mbali. Akiruka, usijining’inize kwenye kamba, kwa maana akihisi amebanwa atataka kukimbia zaidi. Mgeuze kwa ile njia ya kuvusha miguu ya nyuma, mwende mbali kidogo, umpe muda.

Njia hiyo hiyo itumie kwa turubai la harusi linalopepea, kanga kwenye kamba ya nguo, muziki wa mkokoteni wa aiskrimu. Nchi za nje wengi huwazoesha farasi kwa mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na kiroba kitupu cha unga kinapiga kelele nzuri tu.

Utajuaje kuwa ametulia kweli, hajaganda kwa hofu? Kuganda kumewadanganya wengi. Farasi aliyeganda amesimama kama mti, lakini shingo iko juu, midomo imekaza, mkia umebanwa, pua zimetanuka. Aliyetulia hushusha kichwa, hupuliza pumzi ndefu, mdomo wa chini unalegea, mguu mmoja wa nyuma anaupumzisha. Ukiwa na shaka, mpime mapigo: tafuta mshipa chini ya taya, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Akiwa amepumzika huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Ukimkuta na 70 naye amesimama tu, huyo bado anaogopa, na leo mmefanya ya kutosha. Wapo watakaokuambia kwamba akilambalamba na kutafuna hewa amekukubali kuwa mkubwa wake. Mimi naona kwamba hofu ilikuwepo na sasa inapungua, ndipo mate yanarudi. Nikiona hivyo nampumzisha, na najiuliza nilimbana wapi.

Kumzungusha kwa kamba ndefu unaweza, baadaye, akishajua hayo yote. Simama sambamba na nyuma ya bega lake, mkono ulio upande wa mkia uinuke kidogo, mahali ambapo wengine hushika mjeledi. Duara liwe pana, mizunguko michache, kisha mbadilishe upande; mchanga laini unachosha kano za miguu. Ule mtindo wa kumkimbiza farasi ndani ya uzio wa duara mpaka achoke ndipo aje kwako siupendi, na kwa joto la Dar naukataa. Anakuja kwa sababu kukimbia kumemshinda.

Joto lenyewe lisikilize. Farasi hujipoza kwa jasho, na hewa yetu yenye unyevu haikaushi jasho upesi. Fanya kazi saa 12:30 asubuhi hadi saa 2, hasa Desemba hadi Februari. Mpe maji na chumvi. Ukimwona anahema kwa nguvu huku ngozi imekauka, acha kila kitu, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpigie daktari. Wapo farasi ambao jasho hukatika katika nchi za joto na unyevu, nao huelekea kubaya haraka. Jioni malizeni mapema, kwa sababu giza likiingia visubi hutoka, na wao ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua wengi.

Nimalizie na maneno ya wenzako. Adabu wanayoisema ni woga, na woga unadumu mpaka siku farasi atakapoogopa kitu kingine kuliko anavyokuogopa wewe. Siku lori litakapopiga honi barabarani, Kashata aliyefundishwa kwa kiboko atachagua kati ya lori na wewe, na wote wawili atawakimbia. Ile methali ya punda naijua tangu utotoni. Nimefanya kazi na punda na farasi miaka mingi, na kila teke nililopata naweza kukuonyesha nilikosea wapi: hili nilimjia kwa nyuma bila kumsemesha, lile nilimkaza mkanda wa tandiko kwa ghafla akiwa na kidonda ambacho sikukitafuta. Sijapata teke la mnyama niliyemtendea mema akanilipa ubaya.

Usijiwekee tarehe ya kumpanda. Wengine huchukua wiki tatu, na kwa farasi aliyepigwa mimi hujiandaa kwa miezi. Jaribu hivi: mtoe bandani asubuhi, kamba ikiwa imelegea, mpite kwenye kijiwe cha bodaboda, mmoja wao akiwasha pikipiki, mtu mwingine akifagia kando ya njia. Msimamishe hapo kwa neno tu. Mrudishe nyuma hatua mbili kwa neno tu. Vusha miguu yake ya nyuma kulia, kisha kushoto, kwa kidole. Kama amefanya yote na kichwa chake kimeshuka, rudieni kesho yake na keshokutwa, na siku ya nne mwonyeshe tandiko, uliweke chini alinuse kwa muda atakaoutaka mwenyewe.